Rifu ni yangu, wimbo ni wa nani? Jibu kwa mpiga gitaa wa Nairobi

Swali: "Kaka habari. Napiga gitaa kwenye bendi ya metal hapa Nairobi, tuko wanne. Tumemaliza kurekodi nyimbo tano na tunataka kuzitoa. Rifu karibu zote, yani vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, nimetunga mimi, mashairi ni ya mwimbaji wetu. Sasa mpiga dramu anasema naye aandikwe mtunzi sababu yeye ndo alizipanga upya, mpiga besi anasema basi tugawane sawa kwa sawa yaishe, na kuna jamaa alikuwa gitaa la pili akatoka mwaka jana kwa ugomvi, rifu zake mbili bado zimo. Wenzangu wanasema ameondoka hana chake, mbona Metallica walimfukuza Mustaine wakaendelea na nyimbo zao. Nimekutumia demo za mwanzo na rekodi za mwisho usikilize. Nani aandikwe, na kwa kiasi gani?"

Jibu: Salama mdogo wangu, na hongereni, kumaliza nyimbo tano si mchezo, bendi nyingi nimeziona zikifa na wimbo mmoja na nusu mkononi. Nimesikiliza zote, demo na rekodi, mara mbili mbili na hedifoni. Nitakujibu kwa urefu sababu hapo umeuliza maswali manne ndani ya moja, na nianze na huyo aliyeondoka maana hapo wenzako wamekosea kabisa, mfano waliouleta unawageukia wenyewe.

Ni kweli Dave Mustaine, mpiga gitaa wa Metallica, ile bendi ya roki nzito ya Marekani, alipigwa chini. Ilikuwa tarehe 11 Aprili 1983, Metallica wametoka California mpaka New York kwenda kurekodi albamu ya kwanza, wakamwamsha asubuhi wakamwambia safari yake imeishia hapo, wakampa tiketi ya basi la Greyhound arudi Los Angeles, yani avuke nchi nzima toka pwani moja mpaka nyingine amekaa kwenye kiti cha basi. Nafasi yake akachukua Kirk Hammett. Hiyo ndo sehemu ya hadithi ambayo kila mtu anaijua. Sasa chukua albamu yenyewe, Kill 'Em All, iliyotoka mwaka huohuo, soma majina ya watunzi. Nyimbo kumi, nne zina jina la Mustaine: The Four Horsemen, Jump in the Fire, Phantom Lord na Metal Militia. Hajapiga hata noti moja kwenye rekodi ile, ameshafukuzwa, wanachukiana, na jina lake limo. Mwaka uliofuata, 1984, wakatoa Ride the Lightning na jina lake limo tena kwenye nyimbo mbili, ule uliobeba jina la albamu na The Call of Ktulu. Kwa hiyo waambie wenzako kwamba kile wanachotaka kufanya wao, Metallica hawakukifanya. Walimfukuza mtu, rifu zake wakabaki nazo, na jina lake wakaliacha pale pale.

Kuna kitu kingine kwenye hadithi hiyo ambacho nakipenda sana sababu kinaonyesha wimbo ni kitu gani hasa. Ule The Four Horsemen ulianza kama wimbo wa Mustaine, mashairi yalimhusu mtu wa kituo cha mafuta, mafumbo ya kihuni ya ujana. Alipoondoka, mwimbaji wao James Hetfield akaandika mashairi mapya, wakaongeza kipande cha katikati kinachoshuka taratibu, na wimbo ukawa mrefu. Mustaine naye alipounda Megadeth akaurekodi wake kama ulivyokuwa, kasi ya kutisha, mashairi yaleyale ya zamani, akauita Mechanix, upo kwenye albamu yao ya kwanza ya 1985. Ukisikiliza zote mbili unasikia rifu ileile. Lakini kwenye Mechanix mtunzi ni Mustaine peke yake, na kwenye The Four Horsemen ni watatu, Hetfield, Lars Ulrich mpiga dramu wao, na Mustaine. Yani mbegu moja imezaa nyimbo mbili, na kila wimbo una watu wake. Mtu anaweza kuongeza kitu kwenye kazi ya mwenzake akawa mtunzi naye, ila kuongeza hakumfuti aliyeanza.

Na ujue hayo mambo hayazeeki. Ile demo yao ya 1982, No Life 'til Leather, ilipotolewa tena kwa kaseti mwaka 2015 kulikuwa na mpango wa kutoa toleo kubwa zaidi, na Mustaine alisema hadharani kwamba mazungumzo yalivunjika kwa sababu Lars Ulrich alitaka kuandikwa mtunzi kwenye nyimbo mbili ambazo Mustaine anasema ni zake kila noti na kila neno. Zaidi ya miaka thelathini imepita, wote ni matajiri, wana wajukuu wa kimuziki dunia nzima, na bado wanabishania demo waliyorekodi wakiwa vijana wasio na kitu.

Sasa kabla sijaenda kwa mpiga dramu wako lazima tuelewane kitu kimoja, maana nusu ya ugomvi ninaoukuta kwenye bendi unatokana na hapa. Kila wimbo mliorekodi una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, zile rifu, melodi, mashairi, namna wimbo ulivyojengwa, kitu ambacho bendi nyingine ya Arusha inaweza kukaa ikapiga na bado ukawa wimbo wenu. Ya pili ni rekodi, zile sauti mlizonasa siku ile studio kwa mikono yenu na koo lenu. Mpiga besi wenu kwenye rekodi ana haki yake kama mpigaji, hiyo haina mjadala, hata kama hajatunga chochote. Lakini "nimeipiga" na "nimeitunga" ni madai mawili tofauti, yanalipwa kwa njia tofauti na yanasajiliwa kwa fomu tofauti, na mtu akiyachanganya mtabishana mpaka asubuhi na wote mna haki.

Na kwa nini watu wanaumizana hivi kwa ajili ya utunzi? Sababu ndo unaolipa kwa muda mrefu. Lemmy, mwimbaji na mpiga besi wa bendi ya Motörhead, aliwahi kueleza kwamba nyimbo nne alizomsaidia mwimbaji Ozzy Osbourne kuandika kwenye albamu ya No More Tears, 1991, zilimwingizia hela kuliko miaka kumi na tano ya Motörhead. Fikiria hiyo. Mtu amezunguka dunia na besi begani miaka yote ile, masikio yamekufa, alafu mashairi ya nyimbo nne ambazo hakuzipiga wala kuzibeba kwenye gari yanamlipa kuliko vyote. Ndo maana mtu akikuambia "majina ni heshima tu, tusigombane" usimkubalie haraka. Heshima ipo, lakini kuna chakula cha watoto pia.

Sasa sheria inamtambuaje mtunzi? Nikupe kesi mbili za Uingereza, si za metal lakini kila mwanasheria wa muziki anazijua, na ziliamuliwa kinyume kabisa. Ya kwanza ni ya bendi ya Spandau Ballet, 1999. Mwimbaji na wapigaji wawili walimshtaki mwenzao Gary Kemp, wanataka sehemu ya mapato ya utunzi. Miaka ya mwanzo alikuwa akiwagawia kwa hiari yake, baadaye akaacha, hapo ndo moto ukawaka. Jaji akawakatalia. Kwa nini? Sababu Kemp alikuwa anakuja na wimbo umeshaiva, maneno, melodi na kodi (chords), anawapigia kwa gitaa, na wao wanaupiga kama wapigaji wazuri wanavyopaswa kuupiga. Hata saksofoni iliyojaa hisia, mahakama ikaona ni upigaji.

Ya pili ni ya Matthew Fisher, mpiga ogani wa Procol Harum. Ule wimbo wao wa 1967, A Whiter Shade of Pale, unafunguka na melodi ya ogani ambayo hata mtu asiyejua jina la bendi anaijua. Fisher hakuandikwa mtunzi. Alikaa kimya miaka 38, akafungua kesi 2005, na mwaka 2006 mahakama ikampa asilimia 40 ya muziki, rufaa ikamwondolea mgao huo, mwisho Mabwana wa Bunge la Uingereza, ambao wakati huo ndo walikuwa mahakama ya juu kabisa, wakamrudishia tarehe 30 Julai 2009. Lakini sikia hii: hela alipata kuanzia alipodai, ile ya miaka 38 ya nyuma haikurudi. Nalirudia hili kwa kila bendi ninayokaa nayo. Alikuwa na haki kweli, na ukimya bado ukamla.

Tofauti ya kesi hizo mbili ndo mtihani wangu mpaka leo, na utumie na wewe. Mwondoe mtu huyo kichwani, weka mpigaji mwingine mzuri kwenye kiti chake, mpe wimbo uleule. Je, kile unachokisikia kingetokea? Kama kingetokea, au kingetokea kinachofanana nacho, basi yule alikuwa mpigaji. Kama kisingetokea, kama kuna melodi au rifu au umbo la wimbo ambalo limetoka kichwani mwake na watu wanalikumbuka, basi alitunga.

Haya, mpiga dramu. Najua kwenye metal kuna kasumba ya zamani kwamba dramu ni nguvu tu na utunzi ni gitaa na mdomo. Nadhani ni kasumba mbaya na imewaonea watu wengi. Angalia Enter Sandman ya 1991, wimbo ambao hata mama yangu mzazi amewahi kuusikia kwenye matatu. Rifu ni ya Kirk Hammett, aliitunga usiku peke yake. Alivyoileta ilikuwa inakwenda na kumalizika kila mara, kipande cha mwanzo, kipande cha mwisho, kipande cha mwanzo, kipande cha mwisho. Lars Ulrich, mpiga dramu, akamwambia rudia kile cha mwanzo mara tatu ndo umalizie. Basi. Hiyo ndo kazi yenyewe, sentensi moja. Ipige kichwani uone, bila ule uamuzi ule wimbo hauna ule mvuto wa kukuvuta vuta kabla haujakuachia. Wameandikwa watatu, Hetfield, Ulrich, Hammett. Ulrich kwa miaka yote amekuwa fundi wa kukata na kushona, anasikiliza mikanda ya rifu anasema hii ikae hapa, ile tupa, ile ipeleke mwisho, na jina lake lipo karibu kila wimbo wa bendi ile. Wako watakaosema lipo mno. Mpiga besi wao Jason Newsted alikaa kuanzia 1986 mpaka 2001 na ameandikwa kwenye nyimbo tatu tu, Blackened, My Friend of Misery na Where the Wild Things Are. Kwa hiyo usidhani kuna kipimo cha haki kinachojipima chenyewe, kuna watu wenye sauti kwenye chumba na watu wasio na sauti.

Ndo maana nilitaka demo zako. Wimbo wa tatu, kwenye demo unaenda kasi moja mwanzo mwisho, dakika nne na nusu, rifu nzuri lakini masikio yanachoka. Kwenye rekodi, karibu na dakika ya pili dramu zinakatika, inabaki gitaa moja, alafu anarudi nusu mwendo, anapiga toms, zile dramu za mkono zenye sauti nene, badala ya pedali mbili za dramu la mguu, na ile rifu yako ileile inageuka kitu kizito kama mtu anaburuta jokofu sakafuni. Nilirudisha hapo mara nne. Hiyo umeniambia ni yeye. Mdogo wangu, hapo ametunga. Rifu ni yako, umbo ni lake, na bila umbo lile ule wimbo ningeuruka. Wimbo wa tano pia, ule mwisho unaojirudia na kupungua mpaka anabaki yeye peke yake, kama ni wazo lake basi aandikwe. Ila wimbo wa kwanza, demo na rekodi ni kitu kimoja, amepiga vizuri sana, kwa nguvu na kwa usahihi, na amepiga ulichomletea. Hapo ni mpigaji, na umwambie hivo kwa upole, ukiwa naye uso kwa uso, usimtumie kwenye grupu la WhatsApp mbele ya watu.

Mpiga besi na hoja yake ya sawa kwa sawa. Siidharau hata kidogo. Black Sabbath, walioanzisha mambo yote haya, albamu zao za mwanzo kuanzia 1970 zimeandikwa watu wote wanne, Iommi, Butler, Ward na Osbourne. Rifu ni za Tony Iommi, hilo dunia inajua, mashairi mengi yaliandikwa na Geezer Butler ambaye ni mpiga besi, na bado wakaandika majina manne. Wamegombana kwa mengine mengi wale wazee, lakini nani kaandika Iron Man sijawahi kusikia wakiburutana. Motörhead nao Ace of Spades imeandikwa wote watatu, na Deep Purple waliandika majina matano kwenye Smoke on the Water japo kila mtoto anaejifunza gitaa anajua ile rifu ni ya nani. Sawa kwa sawa inanunua amani, na amani kwenye bendi ni mali.

Ila ina masharti. Inafaa bendi inayotunga chumbani pamoja, watu wanne wamefungiwa, mmoja anaanza na mwingine anaitikia. Nyinyi mnatunga hivo? Kwa ulivyonieleza wewe unatunga nyumbani usiku, unaleta rifu imeshaiva. Mkigawana sawa leo, baada ya miaka mitatu utaanza kuhesabu, utajikuta unaficha rifu nzuri kwa ajili ya mradi wako wa pembeni, na hapo bendi imekufa bila mtu kugombana. Ushauri wangu kwenu ni njia ya katikati ambayo bendi nyingi zinaitumia: sehemu ndogo ya kila wimbo mgawane wote wanne kwa sababu mlikuwepo na mlitoa jasho, iliyobaki iende kwa waliotunga kweli. Kwa mfano asilimia 20 mnagawana sawa, tano tano, na 80 inagawanywa kati ya rifu, mashairi na mpangilio. Mpiga besi hatalala njaa na wewe hutahisi umeibiwa.

Na kitu kidogo hapa kuhusu wewe mwenyewe mwenye rifu zote. Hammett, huyohuyo wa Enter Sandman, alisimulia kwamba alipoteza simu yenye rifu kama 250 uwanja wa ndege wa Copenhagen, na hakuwa na nakala popote. Albamu iliyofuata, Hardwired... to Self-Destruct ya 2016, hana jina la utunzi hata kwenye wimbo mmoja. Simu moja tu. Rifu zako ziko wapi saa hii? Kama ziko kwenye simu peke yake, leo leo zitume kwenye barua pepe yako na tarehe zake, itakulinda dhidi ya vibaka na itakuwa ushahidi pia.

Sasa nije kwenye karatasi, maana hapa ndo nimeona watu wanalia. Mfano mchungu kuliko yote kwenye metal ni nyumba ya Ozzy ya miaka ya themanini. Albamu ya Diary of a Madman, 1981: besi amepiga Bob Daisley, dramu amepiga Lee Kerslake, na wote wawili wameshiriki kutunga. Albamu ilipotoka, kwenye kasha zipo picha na majina ya Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, wanamuziki waliochukua nafasi zao baada ya kazi kuisha. Ndo mwanzo wa kesi za miaka na miaka. Mwaka 2002 Blizzard of Ozz, albamu iliyotangulia, na Diary of a Madman zikatolewa upya, na besi na dramu za wale wawili zimefutwa, zimepigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Zimefutwa! Mimi albamu ile nilikuwa naijua kwa moyo, nikaweka CD mpya nikasikia kabisa kuna kitu hakipo, kama umeingia sebule ya kwenu ukakuta ukuta umehamishwa. Kesi yao Marekani ilitupwa 2003. Sauti za awali zikarudishwa 2011. Kerslake alifariki 2020.

Alafu kuna Bark at the Moon ya 1983. Kwenye kasha nyimbo zote zimeandikwa Ozzy Osbourne peke yake. Mpiga gitaa Jake E. Lee amesimulia mara nyingi kwamba muziki mwingi ni wake, kwamba aliahidiwa kuandikwa, na mkataba uliletwa wakati gitaa zake zimeshanaswa, unasema hana alichotunga, na asiposaini ataletwa mwingine. Alikuwa kijana, yuko nchi ya watu, albamu imeshakwisha. Akasaini. Hebu jiweke pale. Nani kati yenu wanne angegoma?

Mimi pia yalinikuta, kwa kiwango chetu kidogo cha huku. Kuna bendi moja niliwahi kupiga nayo kinanda, tukatengeneza wimbo, ile melodi ya kinanda niliitoa mimi jumapili moja mchana tunasubiri umeme urudi, kiitikio chote kikajengwa juu yake. Hatukuandika kitu, tulikuwa kama ndugu. Wimbo ukaja kuchukuliwa kwenye tangazo, hela ikaingia, mimi nikapewa nauli na pole. Hawakuwa wabaya. Waliamini kweli kwamba wimbo ni wa aliyeimba, na mimi sikuwa na karatasi ya kuwaonyesha vingine. Siku hizi hii ndo kazi yangu, nakaa na bendi wakiwa bado wanacheka pamoja, tunajaza.

Kwa hiyo kwenu Kenya: hakimiliki inaanza wimbo ukishanaswa, hata kama hamjasajili, lakini sajilini KECOBO, yani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na kwenye chama chochote cha kukusanya mirabaha mtakachojiunga hakikisheni asilimia ni zilezile. Kuhamisha hakimiliki kwa mtu mwingine lazima kuwe na maandishi yenye saini, kwa hiyo "si tuliongea tu studio" haimnyang'anyi mtu chake. Ndo maana huyo jamaa yenu bado ana chake, kutoka kwenye bendi si sawa na kusaini. Na angalieni pia kama nyimbo zitafanya kazi nje, Marekani kwa mfano wasipokuwa na makubaliano, sheria inawachukulia watunzi wenza kuwa na hisa sawa, yani mtu wa rifu moja anaweza kusimama sawa na wewe mwenye sita. Karatasi ya mgao ni ukurasa mmoja kwa kila wimbo: jina la wimbo, tarehe, majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, kila mmoja alifanya nini kwa maneno ya kawaida ("rifu ya kufungua", "mashairi yote", "kipande cha kushuka mwendo"), asilimia zinazofika mia, saini. Ile sehemu ya "alifanya nini" watu wanairuka na ndo ya maana kuliko zote, sababu baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka.

Jina la bendi ni mali nyingine kabisa, msilichanganye humu. Lifanyieni karatasi yake siku nyingine.

Sasa rifu mbili za jamaa. Wimbo wa nne, rifu yake inakuja mara moja kabla ya solo, mizunguko minne, mkiitoa wimbo unabaki umesimama. Wimbo wa pili ni kesi nyingine. Ile rifu yake ndo inayofungua, inarudi chini ya kila kiitikio, na mwimbaji wenu melodi yake ameijenga juu ya zile noti. Ukiitoa hakuna wimbo. Mmebadilisha mwisho wake kidogo, nimesikia, mmeongeza noti mbili, haitoshi, bado ni yake. Ningekuwa mimi, wimbo wa pili ningempa asilimia 30 na jina lake likae la pili baada ya mwimbaji, wa nne asilimia 10. Na yeye asiingie kwenye ile 20 ya kugawana sawa maana kwenye rekodi hayupo.

Mpigie kabla hamjaanza kumiksi, yani kuchanganya na kusawazisha sauti, ukishindwa kupiga mwandikie. Wewe mwandikie, si mwimbaji, sababu umeniambia ugomvi ulikuwa kati yao wawili. Usianze na sheria. Kitu kama hiki kinatosha:

"Niaje bro, ni kitambo. Tunakaribia kutoa zile nyimbo. Ya pili na ya nne zina rifu zako na jina lako limo kama mtunzi. Tumefikiria 30 kwa ya pili na 10 kwa ya nne. Nimekutumia zote usikilize, kama unaona tofauti tuongee wiki hii kabla hatujamiksi. Ukiridhika nitakuletea karatasi popote ulipo usaini."

Akitaka 35 mpeni 35. Akisema hataki kabisa rifu zake zitumike, wimbo wa nne mkate ile mizunguko minne na mwingie kwenye solo moja kwa moja, na wimbo wa pili muuweke pembeni, mtoe nyimbo nne.